Nyumba Nzima Isikie

Ambrosi Kalinga wa Mlandege, Iringa, hakuwa mtu wa kununua kitu kizima kama kinaweza kupatikana vipande vipande. Baiskeli yake ilikuwa na gurudumu la mbele la padri mmoja na gurudumu la nyuma la mlevi mmoja, na kila moja lilikwenda kwa tabia ya mwenyewe. Kitanda chake kilikuwa na mbao za jeneza lililokosewa kipimo. Mkewe Apolonia alilalia mbao hizo miaka tisa kabla hajaambiwa, na siku alipoambiwa alihamia kwenye mkeka kwa wiki nzima.

Kwa hiyo mwaka ule wa 1974, alipoiona dukani kwa Mhindi ile redio yenye santuri ndani ya kabati moja la kung'aa, Ambrosi aliuliza bei, akacheka, akatoka nje.

"Bei ya ng'ombe," alimwambia mkewe. "Kitu kile nitakiunda mwenyewe, Mama Benedicta. Na changu kitawazidi! Chao kinaimba sebuleni tu. Changu kitaimba nyumba nzima."

Hapo ndipo ulipozaliwa mtambo. Ungekuwa na redio, santuri na kaseti, vyote katika sanduku moja, halafu nyaya zipite darini mpaka sebuleni, chumbani, uani na jikoni, kila mahali na spika yake. Mtu mmoja awashe, nyumba nzima isikie. Mlandege nzima ilielezwa habari za mtambo huo kabla haujawa na hata msumari mmoja.

"Ni kwa ajili ya mama," Ambrosi alikuwa akisema. "Akija kutoka Mbeya, alale kitandani asikie kwaya bila kuinuka." Alilisema hilo mara nyingi mpaka mwenyewe akaliamini.

Mama yake, Bibi Severina, alikuwa akikaa Soweto, Mbeya, kwa mwanawe mkubwa Bartolomeo, aliyehamia huko kufuata kazi ya reli. Kifua kilikuwa kinamsumbua, na baridi ya Mbeya haina adabu kwa kifua cha mzee. Wakati wa Pasaka Bartolomeo alimwambia mdogo wake bila kuzunguka: "Mama anapungua. Likitokea la kutokea, nitakupataje? Telegramu inaweza kulala posta mpaka tukamaliza arobaini."

Ambrosi alijipiga kifua. "Tangaza redioni, kaka. Saa ya matangazo ya vifo mimi sikosi. Hata kama yupo wa kukosa, ni mimi?"

Na ni kweli hakuwa akikosa. Alikuwa na redio ya zamani ya mbao, yenye kitambaa mbele kilichotobolewa na mende. Jioni redio ikianza kusoma matangazo, nyumba yote ilikuwa kimya, hata mwiko ulitulia chunguni. Fulani wa Kilolo anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie fulani na fulani. Apolonia alikuwa akishika tama mpaka yaishe, ndipo apakue ugali.

Basi Ambrosi, karani wa ghala la mahindi, ambaye maishani hakuwahi kufungua kitu chochote zaidi ya kopo la maziwa, alianza kutafuta vipuri. Iringa alivikuta ghali. Akaambiwa kuna fundi Mbalizi, ng'ambo ya Mbeya, Mnyakyusa aitwaye Anyitike, anayefumua redio zinazotoka Zambia na kuuza matumbo yake.

Akapanda basi. Anyitike alimpangia mezani transfoma mbili.

"Hii nzito ni ya uhakika," alisema. "Hii nyepesi ni bei poa, lakini ukiiwasha muda mrefu inanukia."

"Inanukia nini?"

"Inanukia hasara, bwana."

Ambrosi aliinyanyua ile nzito, akaiweka. Akaishika ile nyepesi, akainusa. Kisha valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio: hizi zimetumika kidogo, zile zimetumika sana ila zimefutwa vumbi. Sahani ya santuri: hii inazunguka sawasawa, ile inachoka wimbo ukifika katikati. Kila kipuri alikibishia mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Mteja mwingine aliyekuja nyuma yake alinunua, akaondoka, akala, akarudi, akamkuta bado ameshika valvu ileile akiitazama juani kama yai la kuatamiwa.

"Mchagua jembe si mkulima, bwana Kalinga," Anyitike akasema, amechoka.

"Mimi si mkulima, mimi ni fundi," Ambrosi akajibu. Anyitike akakohoa, akatazama pembeni.

Safari ile ya kwanza alilala Soweto. Alimchorea mama yake mtambo kwa kidole juu ya blanketi: huku redio, huku santuri, huku nyaya. Bibi Severina alikuwa na redio ndogo ya mkono, ya betri, kando ya mto wake, imefungwa kwa mpira ili mgongo usidondoke. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho.

"Vizuri, mwanangu. Lakini mimi sina haja ya kusikia nyumba ikiimba. Mimi nataka kukuona. Uwe unakuja."

"Si ndiyo nakuja, mama! Vipuri bado havijatimia. Nitakuwa nakuja kila mara."

Na kweli alikuja. Alikuja mara ya pili, akafika Mbalizi, akabishana na Anyitike mpaka adhuhuri, akapata valvu, sahani na spika tatu. Alipanda basi la kurudi akiwa amezifunga valvu ndani ya sweta na kuzipakata mapajani. Basi lilipofika Soweto, kutoka barabarani aliliona bati la nyumba ya kaka yake, na moshi ukitoka jikoni. Utingo akapiga kelele, "Soweto, wapo?" Ambrosi akainuka nusu. Akazitazama valvu. Mtu aliyekaa naye akasema watu wanaopanda hapo huwa wanasukumana sana. Ambrosi akakaa.

"Safari ijayo," alijiambia. "Nitakuja kumchukua kabisa, nimpeleke akausikie." Moyo ulimchoma mpaka Chimala, halafu akasinzia.

Ikabaki spika ya nne. Anyitike alitaka bei ambayo Ambrosi alisema ni dhambi hata kuitamka. Na jibu lilikuwa hapohapo sebuleni kwake, limevaa kitambaa kilichotobolewa na mende. Alichukua bisibisi.

"Baba Benedicta!" Apolonia aliweka chini sufuria. "Hiyo unaipeleka wapi?"

"Nachomoa spika tu. Na hiki cha kushikia stesheni kitafaa kwenye mtambo."

"Na matangazo tutayasikia na nini? Mama mgonjwa, kaka yako kasema nini? Hee, mwanaume wewe! Unabomoa nyumba ili upate tofali?"

"Siku mbili tatu tu. Upande wa redio ndio nitakaoumalizia."

Siku mbili tatu za Ambrosi, Apolonia alizijua. Choo chao kilikuwa bado kinangoja mlango wa siku mbili tatu. Lakini alichoka kusema, akarudi jikoni. Na tangu jioni hiyo ugali ulipakuliwa bila matangazo.

Jumamosi moja, jioni, Ambrosi alikuwa chini ya dari na waya mdomoni. Madirisha ya majirani yalikuwa wazi, redio zao zikizungumza, naye alisikia sauti bila kusikia maneno, kwa sababu alikuwa akipiga nyundo. Alishangaa kidogo tu kwamba mtaa ulinyamaza ghafla. Akapiga nyundo zaidi.

Jumapili asubuhi Apolonia alikwenda misa ya pili peke yake. Ambrosi alikuwa amebakiza waya mmoja. Alipouunganisha, taa ya mtambo ikawaka nyekundu. Upande wa redio ulikuwa bado shimo tupu, lakini santuri ilizunguka. Akaweka rumba, akafungua sauti mpaka mwisho, akafungua na madirisha yote. Ee Bwana! Sebule iliimba, chumba kiliimba, uani kuku walikimbia. Ile spika ya redio ya zamani, iliyozoea kusoma misiba ya watu, ilikuwa jikoni ikipiga gitaa. Ambrosi alicheza peke yake katikati ya sebule, mikono juu, machozi yakimlenga kwa furaha.

Ndipo watu walipoanza kuja.

Wa kwanza alikuwa mzee Eliezeri, jirani, amevaa koti lake zito la mazishini. Nyuma yake wanaume watatu. Kisha wanawake, khanga zimefungwa viunoni, mmoja na unga kwenye ungo, mwingine na mzigo wa kuni kichwani. Ambrosi aliwaona kupitia dirishani, roho ikamjaa. Aliwaza: mtaa mzima umekuja kuutazama mtambo, na wamekuja na zawadi!

"Karibuni! Karibuni ndani jamani, msikae nje!"

Hawakuingia. Wanaume walikaa ukutani, wakatazama chini. Wanawake walitua kuni, wakatazamana. Mzee Eliezeri alimshika mkono Ambrosi kwa mikono yake yote miwili, hakumwachia upesi. Usiku kucha mtaa ulikuwa umengoja kilio kutoka nyumba hiyo. Kwa desturi huanzi wewe kumtajia mfiwa msiba wake, unakaa naye. Lakini hakuna desturi inayosema ukae vipi na mfiwa anayecheza rumba.

"Labda ni uchungu," mwanamke mmoja alinong'ona. "Uchungu humfanya mtu mengi."

"Subirini, nawageuzia upande wa pili!" Ambrosi akasema, akakimbia ndani.

Alikuwa ameshika santuri Apolonia alipotokea njiani, anakimbia, kiatu kimoja mkononi, khanga imefunika kichwa. Padri alikuwa ametaja jina kanisani. Aliingia, akaung'oa waya ukutani, mtambo ukanyamaza vyumba vyote kwa mara moja.

"Mama amefariki! Ametangazwa jana, Ambrosi! Jana! Mlandege nzima imesikia, wewe ndiye hujasikia!"

Kuna ukelele ulitoka kwa Ambrosi, na wanawake waliokuwa nje walishukuru Mungu kwa kuusikia, kwa maana sasa waliweza kulia. Naye alikaa chini penye nyaya zake, akalia kama mtoto, akisema, "Nililiona bati. Nililiona bati." Hakuna aliyejua anasema nini.

Mabasi ya Mbeya yalikuwa yameshapita siku hiyo. Aliondoka Jumatatu alfajiri. Makambako, Igawa, Chimala, kila kituo dereva alishuka kunywa chai, na kila chai Ambrosi aliiona kama anachomwa nayo. Alipofika Soweto jua lilikuwa limeinama, na watu walikuwa wanarudi makaburini, majembe begani.

Bartolomeo alimpokea bila kumkaripia. Afadhali angemkaripia.

"Tulingoja mpaka saa nane. Padri alikuwa na safari, na mwili haukuweza kungoja tena. Tulijua umesikia, uko njiani. Si wewe na redio?"

Ambrosi aliomba aonyeshwe kaburi. Alipelekwa kaburini, akashika udongo uliokuwa bado na ubaridi wa chini, akarudi, akakaa mkekani karibu na shangazi yao Apolinaria, ambaye macho yalikuwa yamemwisha na ambaye alikuwa amesinzia Ambrosi alipoingia.

Jioni ilipofika Bartolomeo alileta ile redio ndogo yenye mpira mgongoni. Tangazo lilikuwa limelipiwa mara tatu, na la tatu lilikuwa siku hiyo. Hakuna aliyekumbuka kulifuta. "Tuliache lisomwe," alisema. "Mama mwenyewe alikuwa hakosi saa hii. Alikuwa akisema, pengine na Ambrosi anasikiliza sasa hivi."

Akaiwasha. Msiba wote ukanyamaza. Mtangazaji alisoma wa Tukuyu, akasoma wa Njombe, kisha akasoma taratibu, kwa sauti ile ya huruma ya watu wote: Bwana Bartolomeo Kalinga wa Soweto, Mbeya, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mpenzi, Bibi Severina. Habari zimfikie mwanawe Ambrosi Kalinga, Mlandege, Iringa. Popote alipo afike haraka, maziko yanamsubiri.

Sauti ilikuwa safi kabisa, haikukwaruza hata kidogo. Watu walitazama miguu yao. Shangazi Apolinaria aliinua kichwa, akageukia upande wa redio.

"Huyo Ambrosi, jamani," akauliza, "amesikia au bado?"

Ambrosi alitambaa mkekani mpaka akamshika mkono.

"Amesikia, shangazi," alisema. "Amesikia sasa."