Mpaka Kulia

Kompyuta iliwaka. Hilo halikuwa na ubishi. Feni zilizunguka, taa za ndani ya kasha zikabadilika nyekundu, kijani, zambarau, kama duka la simu linalotafuta wateja. Skrini ndiyo iliyobaki nyeusi tii.

"Si unaona, shemeji? Inawaka," alisema Injinia, amepiga magoti sakafuni.

"Hata jiko linawaka," alijibu shemeji yake kutoka mlangoni. "Nikasahihishie kitabu jikoni?"

Uinjinia hakuupata chuo chochote. Ndugu zake ndio waliompachika kwa kejeli, naye akaupokea kama tuzo. Alikuwa mdogo wa mume wa mwanamke huyu, jitu zima lenye ndevu, lililokuja kukaa siku chache katika chumba cha nyuma na kuota mizizi humo. Alitengeneza pasi, pasi ikakataa kupoa. Alitengeneza kengele ya mlango, ikawa inalia kila mtu akiwasha taa ya choo. Alichokigusa kiliharibika, isipokuwa maelezo yake. Hayo yalikuwa mazima siku zote.

Shemeji yake alikuwa msahihishaji wa vitabu. Kula yake ilikuwa makosa ya watu: herufi iliyozidi, nukta iliyopotea, neno lililokaa mahali si pake. Kazi hiyo ilimpa jicho kali na mdomo mkali zaidi, na hakuwa na desturi ya kuviacha ofisini. Alimsahihisha mumewe akisimulia ndoto. Alimsahihisha jirani aliyekuja kumpa pole ya msiba. Ukikosea mbele yake hakukusamehe, na usipokosea alisubiri.

Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, alitaka nyingine ya dukani, iliyofungwa vizuri. Lakini Injinia alimnong'oneza kaka yake kwamba wajinga ndio wanaonunua zilizoungwa, yeye ataleta vipande avipange mwenyewe. Kaka mtu, ambaye kwa mdogo wake hakuwa na macho, alikubali. Ila asubuhi ile, kabla ya kwenda kazini, alisema neno mbele ya wote wawili.

"Jioni nikirudi nikute inafanya kazi. Ikifanya, chumba ni chako mpaka upate pa kujishikiza. Isipofanya, kesho unarudi kwa baba. Nimechoka kukutetea."

Baba yao alikuwa na kiwanda cha mbao, na alikuwa na tabia ya kumwita Injinia "Hasara" mbele ya wapasua mbao, nao wakazoea, wakawa wanamwita hivyo hivyo wakimtuma maji. Afadhali mtu alale stendi kuliko kurudi pale. Msahihishaji alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba meza yake ingeenea barabara chini ya dirisha la chumba cha nyuma, maana alishaipima.

Kwa hiyo skrini ilipobaki nyeusi, alisikitika kwa mdomo tu.

"Pole," alisema. "Labda inakuonea haya."

Injinia alichomoa nyaya akazirudisha. Alileta skrini ya jirani, nayo ikawa nyeusi. Alifungua kasha, akalilaza ubavu, akapuliza humo ndani kama anayepoza uji. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ndevu. Kila alipobonyeza kitufe, taa zilicheza na feni zikavuma, na kila zilipovuma shemeji yake alitoa msonyo mrefu.

"Debe tupu," alisema.

"Shemeji, kila kitu nimekiweka panapotakiwa. Wallahi. Hata memori nimeiweka kama alivyosema yule wa dukani."

Hapo alisema kweli. Asubuhi, mikono yake ikiwa imejaa mafuta yale meupe ya kupaka juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, simu yake iliita, akamwomba shemeji yake aipokee. Aliyepiga alikuwa muuza vifaa, mtu wa maneno ya haraka, akiwa na wateja wengine mbele yake. "Mwambie memori ni kusukuma mpaka kulia," alisema, akakata.

"Anasema memori mpaka kulia," mwanamke alifikisha.

"Kulia kabisa? Mwisho?"

"Kwani kulia kuko kungapi? Mkono unaoshikia kijiko. Huo unaujua vizuri."

Injinia alicheka, maana kucheka kulikuwa ndiyo kodi yake katika nyumba ile. Kisha akachukua kile kipande chembamba cha memori, akakipeleka kwenye ile mifereji minne ya kuchomekea, ule wa mwisho mkono wa kulia, akakilaza taratibu kama anayelaza mtoto mchanga.

Sasa jua lilikuwa linaelekea kushuka na hakuwa na kitu kingine cha kuchomoa. Alikaa akilitazama kasha. Halafu aliinuka, akapangusa magoti.

"Ngoja nikakusanye nguo zangu," alisema kwa sauti ndogo. Akaingia chumba cha nyuma, na zipu ya begi ikasikika.

Msahihishaji alipaswa kuridhika, na aliridhika. Lakini mtu wa kusahihisha hatosheki na kosa mpaka aliwekee alama. Alitaka mumewe akirudi amwambie, "Hata muuzaji mwenyewe amesema nduguyo ni bure." Akampigia simu muuza vifaa, akamweleza: inawaka, haionyeshi.

"Memori ililia?" aliuliza yule mtu.

"Ilie ina nini?"

"Mama, si nilikwambia asubuhi? Isukumwe mpaka kulia. Bonyeza kwa dole gumba pande zote mbili, ikilia ta! ujue imekaa. Isipolia haijaingia. Na kama ni moja iweke mfereji wa pili kutoka kushoto, ndio mzuri."

Alibaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa. Mpaka kulia. Maneno mawili, na yeye, aliyekula mshahara kwa maneno, aliyachukua mzimamzima akayageuza mkono wa kijiko. Nyani haoni kundule, wanasema. Huyu aliliona, kwa mara ya kwanza, na hakulipenda hata kidogo.

Alipiga magoti pale pale alipokuwa amepiga Injinia. Akaizima kompyuta, akaing'oa memori ile kwenye mfereji wa mwisho. Ilitoka bila hata kubisha. Akaiweka kwenye ule wa pili, akakandamiza kwa madole gumba mpaka yakamuuma. Ta! Vibanio vya pembeni vikajifunga vyenyewe. Akabonyeza kitufe. Skrini ikajaa maandishi meupe, safi, yasiyo na kosa.

Alifurahi. Pumzi moja hivi, alifurahi kama mtoto. Kisha alisikia begi likiburutwa chumba cha nyuma, akaikumbuka meza yake na dirisha lile, akakumbuka pia kwamba ili kueleza ilivyopona angelazimika kueleza ilivyougua. Yeye, kumwomba radhi Injinia! Alijiambia kwamba mtu hafukuzwi kwa kosa moja, anafukuzwa kwa ujinga wake wote kwa jumla, kwa hiyo kosa lilikuwa la nani si hoja. Mwenye akili hakosi njia ya kuwa mwovu kwa hoja nzuri. Akaizima kompyuta, akafungua kibanio kimoja, akainua memori ncha moja kidogo tu. Akainuka, akaenda kuosha mikono.

Mumewe aliingia, hajavua hata viatu.

"Enhe?"

"Mwulize Injinia wako," alisema mkewe.

Kaka mtu alibonyeza kitufe mwenyewe. Taa zikacheza, feni zikavuma, skrini ikabaki kama usiku. Aliisubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na begi begani.

"Basi," alisema kaka mtu, bila kumtazama. "Tumejaribu."

"Kaka, acha niangalie mara moja ya mwisho."

"Ataangalia mpaka lini?" aliuliza mwanamke.

Lakini Injinia alikwisha kuweka begi chini na kuinamia kasha lililofunguliwa. Akaizima. Aliangalia mfereji wa mwisho, mkono wa kulia. Ulikuwa mtupu. Aliangalia wa pili kutoka kushoto, akaiona memori yake imekaa humo, ncha moja juu. Aligeuza shingo akamtazama shemeji yake, na yeye akatazama ukuta.

"Shemeji," alisema polepole, "yule wa dukani alisema nini asubuhi? Maneno yake yenyewe."

Mumewe alikuwa anamtazama. Hakukuwa na mlango wa kutokea.

"Mpaka kulia," alisema.

"Mpaka kulia," Injinia alirudia, kama anayeonja. Akaweka madole gumba, akasukuma. Ta! Akabonyeza kitufe, na maandishi meupe yakaujaza uso wa kaka yake mwanga.

"Kumbe ni hiyo tu!" kaka mtu alipiga makofi. "Siku nzima! Lilikuwa kosa la nani?"

Mwanamke alifunga macho.

"Langu, kaka," alisema Injinia. "Nilisikia vibaya."

Kaka mtu alicheka kwa sauti, akamwita mpumbavu kwa mapenzi yote, akalibeba begi mwenyewe kulirudisha chumba cha nyuma. Walibaki wawili. Mwanamke alingoja lile cheko la kila siku, cheko la kodi. Halikuja. Injinia alimpandisha na kumshusha, taratibu, kwa jicho lile lile alilokuwa amejifunza kwake. Machozi yalimjaa mwanamke, ya hasira au ya aibu, hata mwenyewe hakujua, na kabla hajageuka yalimshuka.

"Usijali, shemeji," alisema Injinia, akipangusa magoti. "Muuzaji alisema mpaka kulia. Hakusema alie nani."