Gauni Lililofumuliwa

Mwanangu anarudia darasa la pili kwa sababu kusoma kulimshinda. Jirani yangu alipokuja kupimwa gauni, akanipa pole kama nimefiwa.

"Wenzake wamemwacha, sasa anasoma na vitoto. Aibu hiyo utaificha wapi?"

Nilikuwa na pini mdomoni, bahati yake.

Pale kwenye mkeka, binti yangu alikuwa akimsomea mdogo wake hadithi, kidole kikifuata maneno, ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka jana mstari mmoja tu ulimtoa machozi. Jirani akatega sikio.

Nikazitoa pini.

"Gauni lako la harusi nililifumua lote, nikalishona upya. Siku ile ulivyopendeza, nani alikuuliza limeshonwa mara ngapi?"