Mahindi ya Dada Mkubwa

Bibi shamba Jenista alipoleta chupa moja tu ya dawa ya mwani kwa kitongoji kizima, mkutano ulichagua shamba la Ferista liwe la majaribio, kwa kuwa liko kando ya barabara ya kwenda Mlowo na kila mpita njia angejionea. Mbonile, mdogo wake Ferista, alinuna siku mbili. Alitaka lichaguliwe la kwake.

"Dawa hii haileti mvua," Jenista alieleza. "Inauandaa mhindi uvumilie jua. Ndiyo maana mnapuliza mapema. Ukishakauka, hata umwagie mto mzima ni bure."

Ferista alikuwa na eka moja na wajukuu watatu, basi. Eka ile ikifa, wangekula nini? Siku ya kupuliza goti lake lilikuwa limevimba, na bomba la mgongoni lilikuwa la Mbonile.

"Wewe pumzika, dada," akamwambia. "Nitapuliza mimi."

Naye akapumzika. Angemshukuje mtoto aliyemlea yeye mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akamlisha uji kwa kijiko? Jioni Mbonile akamrudishia chupa tupu na kumpa pole ya goti.

Mwezi wa pili mvua ikakata. Mahindi ya Ferista yakajikunja, yakakauka kuanzia chini, na magunzi yakatoka na punje za kuhesabu. Kwenye mkutano uliofuata, Ferista ambaye watu humjua kwa upole alisimama akamnyooshea kidole bibi shamba.

"Huyu binti ametuletea maji ya rangi! Shamba langu si lile pale, nani halioni?"

Mbonile, aliyeketi pembeni yake, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ana kipaji, mtu yule. Kitongoji kikaikataa dawa, na Jenista akapanda pikipiki yake akaondoka.

Wiki tatu baadaye akaja Tabita, mke wa Mbonile, na kapu kichwani. Katika ukoo wao mahindi mabichi ya kwanza hupelekwa kwa dada mkubwa. Asipoonja yeye, hakuna wa nyumba ile anayevunja hata hindi moja shambani. Desturi hiyo Mbonile hathubutu kuiruka, hata kama mengine anayaruka vizuri tu.

"Wifi, karibu mahindi!" Tabita akasema kwa furaha.

Ferista akamenya moja. Punje zilijaa hadi nchani. Shamba la Mbonile liko nyuma ya kilima, mahali pasipopita njia, lakini jua la huko ni lile lile.

"Yamewezaje haya, wifi?"

"Si ile dawa yako! Inanuka dagaa, nguo zake nilizifua mara mbili. Aliniambia umemwachia kwa kuwa sisi tuna watoto wengi. Mungu akubariki, wifi."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kinaweza kukuita dada. Ferista aliumia hadi akashindwa kukaa. Kwa hiyo shambani kwake yalipulizwa maji ya kisima, na yeye akamvunjia heshima binti wa watu.

Akalifunika lile hindi kwa maganda yake, akalirudisha kapuni.

"Rudi nayo, wifi. Kosa si lako. Mwambie mdogo wangu sijaonja."

"Wifi, na watoto?" Tabita akauliza.

"Watoto waje kwangu, tutagawana kidogo nilicho nacho. Mimi nitaonja siku atakayosimama mkutanoni aseme alipuliza nini kwangu."

Kisha akajifunga kitenge na kuchechemea hadi ofisini kwa Jenista. Binti akainuka, akamwamkia na kumsogezea kiti. Ferista hakuketi.

"Nilikuita mwongo mbele ya watu, mwanangu," akasema. "Mwongo nimemlea mimi."