Jumamosi ya Mazulia

Mwaka 1971 baba yangu alikuwa hodari wa mambo mawili: kuchomelea chuma na kutembeza watoto siku ya Jumapili. La kwanza alilipwa na kiwanda cha meli. La pili lilikuwa letu: mimi, Sirkka, niliyekuwa na miaka minane, na mdogo wangu Outi aliyekuwa na mitatu.

Tuliishi Punavuori, Helsinki, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya nne. Jumapili tulitoka saa tatu asubuhi. Baba alibeba chupa ya kahawa, chupa ya maziwa, na mikate mitamu ya iliki iliyofungwa kitambaani. Kanuni ilikuwa moja: atakayeiona bahari kwanza ndiye anayechagua benchi. Kwa kuwa katika mji ule bahari iko mwisho wa karibu kila mtaa, shindano liliisha mapema, na mara nyingi Baba alijifanya kipofu.

Nakumbuka mahali kuliko tarehe. Nakumbuka mizinga ya zamani kwenye ngome ya Suomenlinna, chuma chake kimechomwa na jua mpaka kikaunguza mapaja. Outi alisukuma soksi yake ndani ya mmojawapo na hatukuweza kuitoa. Nakumbuka soko la bandarini, ambapo shakwe, ndege wa baharini, walinyakua aiskrimu mikononi mwa watoto. Baba alitufundisha kula tukiwa tumeegemea ukuta, ili adui awe na upande mmoja tu wa kushambulia. Na kisiwa cha wanyama, Korkeasaari, kwa feri: dubu aliyekuwa amelala kila tulipokwenda, na tausi, ambaye Outi alimwogopa kuliko dubu. Siku za mvua tulipanda tramu kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho, tukarudi bila kushuka.

Mama hakuwepo. Januari ya mwaka ule alikwenda Göteborg, Sweden, kufanya kazi katika kiwanda cha magari, kama walivyofanya maelfu ya watu wa kwetu. Mei aliandika kwamba harudi. Aliandika barua mbili, moja kwa Baba na moja kwa mama yake, Bibi Hilja, aliyeishi Mikkeli, zaidi ya saa nne kwa treni.

Bibi alifika wiki iliyofuata. Alikaa siku mbili, akafungua kila kabati.

"Taisto," alimwambia Baba jikoni, "watoto hawaishi kwa Jumapili. Kuna na Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Najua, Mama."

"Hujui. Ungejua, hii isingekuwa hivi." Alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu la soksi ya Outi, kikatokea kisiginoni. "Nakuja tena sikukuu ya katikati ya kiangazi. Nikikuta nyumba ya watu, sawa. Nikikuta pango, Outi naondoka naye. Huyu mkubwa anajifunga viatu mwenyewe. Yule bado."

Baba hakubisha. Alifanya kazi kwa zamu, na Outi alilelewa mchana na jirani wa ghorofa ya pili mwenye wanawe wanne. Bibi hakuhitaji hati ya mahakama. Alihitaji tu Baba akubali kwamba ameshindwa, na mwezi ule hakuwa mbali na kukubali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijua Mikkeli ni wapi: ni mahali ambapo mtu hakai Jumapili moja na kurudi.

Kabla ya sikukuu hiyo, kila nyumba iliyojiheshimu ilifua mazulia. Si kwa dobi, si bafuni: baharini. Mji ulikuwa umejenga magati ya mbao kwa kazi hiyo tu, yenye meza ndefu za kusugulia, vikamulio vya kuzungushwa kwa mkono, na vyuma vya kuanikia. Mazulia yenyewe yalikuwa ya matambara, yaliyofumwa kwa vipande vya nguo zilizochakaa. Sisi tulikuwa nayo matatu. Mawili hayakuwa na thamani. La tatu, la mita sita, lenye mistari myekundu na myeusi, Bibi Hilja alilifuma mwenyewe, akawapa wazazi wangu siku ya harusi yao.

"Jumamosi tunakwenda matembezi," Baba alisema. "Na mazulia yanakuja nasi."

Tulikwenda tarehe kumi na tisa Juni. Mazulia aliyakunja ndani ya kigari cha mtoto, Outi akakaa juu yake kama malkia, akishika kitambaa cha kufutia vyombo ambacho alisema ni zulia lake. Kahawa ilikuwepo, mikate ilikuwepo. Mimi nilibeba brashi mbili na sabuni ya msonobari, ile ya kahawia inayonuka kama msitu. Nilikuwa na furaha. Naliandika hilo kwa sababu baadaye nilidhani nilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, na si kweli.

Gatini kulikuwa na wanawake kumi na wawili hivi, na mwanamume mmoja: Baba. Walikuwa wamevaa viatu vya mpira, mikono imekunjwa mpaka viwikoni. Watoto wao wadogo walikuwa wamefungwa mikanda kifuani, na mikanda imefungwa kwenye vyuma vya kuanikia, kwa sababu gati halikuwa na kizuizi na maji yalikuwa ya kina.

Mkubwa wa pale, kwa sauti na kwa mwili, alikuwa Bi Saimi Kortelainen, mpishi wa shule. Alimtazama Baba akisugua kwa dakika moja.

"Wee baba, hilo zulia unalifua au unalibembeleza?"

"Nalifua, mama."

"Basi mbona halijalia? Kandamiza! Fuata mstari, usikate mstari. Mkeo yuko wapi?"

"Göteborg."

Brashi kadhaa zilisimama. Kila mmoja pale alikuwa na mtu Sweden.

"Anatengeneza nini huko?"

"Magari."

"Mwambie akutumie moja, ubebee mazulia. Hicho kigari kinakufa."

Walicheka, na Baba akacheka nao. Tangu hapo walimfundisha kama wanavyofundisha mkwe: kwa matusi madogo na kwa maelekezo sahihi. Sugua pande zote mbili. Suuza mara mbili. Usikamue kwa mikono, utajivunja kiuno. Kisha Bi Saimi akaelekeza brashi kwa Outi, ambaye alikuwa amepiga magoti akisugua kitambaa chake.

"Mfunge huyo."

"Yuko sawa. Mtoto si mbuzi, mama."

"Mbuzi ana akili. Anaogopa maji."

Walicheka tena. Baba hakumfunga. Sababu haikuwa uzembe, nadhani; hakuwa na mkanda, na hakutaka kusema hana.

Zulia kubwa husuuzwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha, wakilishusha majini na kulivuta. Mimi nilikuwa mtu wa pili. Likilowa, zulia la mita sita huwa na uzito wa mtu mzima, na nilishika ncha yangu kwa mikono yote miwili, magoti yamebanwa kwenye ubao. Baba alikuwa upande wa pili, amenipa mgongo nusu, akivuta.

Outi aliamua kusuuza zulia lake. Alitembea mpaka ukingoni, akainama, kitambaa kikagusa maji, kisha akainama zaidi.

Niliachia. Nilimdaka kwa gauni, mgongoni, nikaanguka naye nyuma juu ya mbao. Mtu alipiga kelele. Baba aligeuka, akaona ncha yangu haina mtu, akaona watoto wake wamelala chini, naye akaachia akakimbia. Ilikuwa sekunde tatu, labda nne. Tulipotazama maji, zulia lilikuwa linashuka, limejikunja taratibu, mistari myekundu ikawa kahawia, kisha haikuwa kitu.

Bi Saimi alichovya mti wa kuopolea mpaka mwisho. Baba alivua viatu akaruka na nguo zake. Maji ya Juni pale huwa nyuzijoto kumi na tatu, pengine kumi na nne. Alizama mara mbili, akatoka midomo ya buluu, mikono mitupu.

"Toka, baba," Bi Saimi alisema. "Limeshavuka bahari mpaka Estonia bila pasipoti."

Hakuna aliyecheka. Baba aliketi kwenye mbao, maji yakimtiririka, Outi mapajani mwake akilia kwa ajili ya kitambaa chake, ambacho nacho kilikuwa kimekwenda. Nilimweleza Bi Saimi ni zulia la nani na nani anakuja Alhamisi. Nilieleza kwa mpangilio, kama shuleni. Alisikiliza, akakoroma, akaenda kwenye vyuma vya kuanikia, akarudi.

"Langu lile la mwisho nililileta jana, limekaribia kukauka. Jumanne mje mlichukue. Baada ya sikukuu mnirudishie. Na kikongwe akiuliza, mwambieni macho yake yamezeeka."

Bibi Hilja alifika Alhamisi jioni na masanduku mawili, moja tupu. Nyumba ilikuwa safi. Baba alikuwa ameweka matawi ya kijani ya sikukuu mlangoni, na soksi zilikuwa zimeshonwa, vibaya lakini zimeshonwa. Bibi alivuka kizingiti, akaweka mguu juu ya zulia, akasimama. Aliinama akageuza ncha kwa kidole.

"Hili la nani?"

"Letu, Bibi," nilisema upesi. "Limepauka kwa kufuliwa."

"Nyekundu imepauka ikawa buluu?"

Baba alivuta kiti akamwekea Bibi, lakini yeye mwenyewe hakukaa. Alimwambia yote tangu kigari mpaka Estonia, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya ajali kazini.

"Alikuwa amefungwa?" Bibi aliuliza.

"Hapana."

"Hawakukuambia?"

"Waliniambia."

"Ukasemaje?"

"Nilisema mtoto si mbuzi."

Bibi alinigeukia. "Na wewe uliachia kabla ya kelele au baada?"

"Kabla."

"Basi nyumba hii ina mtu mmoja mwenye akili, naye ana miaka minane. Zulia nafuma jingine kwa msimu mmoja wa baridi." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kwa Baba tu, "Wewe na Raili, wote wawili, mkiwa na kitu mkononi mnatazama upande mwingine."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina la binti yake tangu Mei. Baba angeweza kusema ni nani aliyeondoka na ni nani aliyebaki. Nilisubiri aseme. Alimmiminia kahawa.

Asubuhi Bibi aliomba bwelasuti kuukuu ya Baba ya kazini, akaipasua vipande, akasuka mkanda. Siku ya sikukuu yenyewe, Jumamosi, alisema, "Haya. Nionyesheni hizo Jumapili zenu." Tulikwenda Korkeasaari. Outi, aliyefungwa mkanda kifuani, alipiga mayowe safari nzima ya feri, na abiria walimtazama Bibi kana kwamba amemwiba.

Bibi alishika mkanda mpaka saa sita. Alimwona Baba akimpeleka Outi msalani kabla hajaomba, akimbeba ili asipite karibu na tausi, akituketisha kwenye benchi pekee ambalo upepo haukulifikia. Dubu alikuwa amelala.

"Yote haya unayajua," alisema hatimaye. "Ungejua na sabuni ungekuwa mtu." Akamkabidhi mkanda. "Shika. Usiuachie hata ukiitwa na rais."

Jumapili tulimsindikiza stesheni. Outi alikuwa begani kwa Baba. Nilitazama masanduku yote mawili yakipandishwa behewani, kisha nikamtazama Bibi akipanda, peke yake. Alifungua dirisha.

"Nitakuja Novemba kuangalia," alisema.

Alikuja Novemba. Alikuja Pasaka, na kiangazi kilichofuata, na kila mara alifungua makabati. Hakuwahi kusema kwamba Outi atabaki kwetu. Mwaka wa tatu, kabla ya sikukuu, iliwasili barua: goti linamuuma, hatakuja, je, sisi tutakwenda lini? Baba aliisoma mara mbili akaniletea mimi niisome. Tulikwenda Julai, sote watatu, kwa tiketi za kwenda na kurudi.