Mlango Aliotokea Habimana

Kwa siku tatu, kila waliposhuka garini, Goretti aliuliza swali lile lile: "Na wale ambao miili yao haikupatikana?"

Walikuwa wametoka Brooklyn Park, Minnesota, kuizunguka Ujerumani na kuona kumbukumbu za vita. Mwanawe Mugisha aliendesha gari la kukodi. Binti yake Natasha alishika simu, akitafsiri Kijerumani. Watoto walidhani ni matembezi tu. Mama yao alikuwa na lake. Mumewe, Habimana, alitoka asubuhi moja kule Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenda kufungulia mbuzi, vita vikammeza. Wazee wa ukoo walisema bila kaburi matanga hayaondolewi. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na tisa.

"Mama, yule mlinzi wa jana ulimhoji mpaka akakimbilia chooni," Mugisha alimtania.

"Alikimbia kwa kukosa jibu. Wewe endesha."

Adhuhuri walisimama katika mji mdogo kununua mkate. Kando ya barabara, mbele ya nyumba moja, Natasha alikanyaga kibao cha shaba kilichopachikwa kati ya mawe. Goretti akamvuta mkono.

"Toka hapo! Si unaona ni jina la mtu? Nani anamweka marehemu chini ya viatu?"

Mlango ukafunguka. Bibi mwenye mvi akatoka na kitambaa, akapiga magoti, akaanza kukisugua kile kibao. Goretti akamwuliza swali lake, Natasha akatafsiri.

"Anasema huyu hakupatikana, Mama. Hana kaburi. Kibao hakipo alipofia, kipo mbele ya mlango aliotokea askari wa Hitler walipomchukua."

"Huyu bibi ni ndugu yake?"

"Hapana. Anaishi hapa tu. Hawakujuana."

Goretti akautazama ule mlango kwa muda mrefu: rangi ya kijani, viatu vya mvua pembeni. Kisha akapiga magoti naye.

"Mwambie anipe hicho kitambaa."

Waliporudi garini alimtumia ujumbe wa sauti wifi yake Uwimana, aliyebaki katika nyumba ile ya Masisi, amwekee Habimana kibao kama kile chini, mlangoni. Jibu likaja na kicheko.

"Wifi, Ulaya imekuchanganya? Tumkanyage kaka yangu?"

"Weka kando ya kizingiti, pale alipopita. Na matope yakimfunika, umpanguse."

Wiki mbili baadaye, Goretti alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, nje ya nyumba yao Brooklyn Park, picha ilipoingia. Saruji mbichi, jina HABIMANA limeandikwa kwa msumari, na nyayo za kuku zimepita katikati ya herufi.

"Kuku ameharibu," Mugisha alisema, akichungulia begani kwake.

"Mwache. Baba yako aliwafukuza kuku mlangoni hapo kila asubuhi, na kila asubuhi walirudi."

Akavua glavu, akampigia Uwimana.

"Wifi, waambie wazee wapange siku. Tuondoe matanga."