Ushahidi wa Kaa

Sijisifu, ila ufukwe huu naujua kuliko wenye hoteli. Huu ni mwaka wa kumi na nne naupiga reki kila asubuhi, kuanzia kwenye mawe mpaka ukuta wa jikoni, na kabla ya kuupiga reki huwa nausoma kwanza. Hapa ndege mwenye miguu mirefu alipita akidonoa. Pale paka wa jikoni alimnyemelea, akamkosa, akaondoka kwa aibu. Na kila mahali kuna nyayo za kaa, nukta nukta, kama mtu kachomachoma mchanga kwa sindano. Kaa wetu ni wale weupe wa mchangani, macho yamesimama juu ya vijiti, ukipepesa jicho tu hawapo. Wafanyakazi wenzangu wananiita Mama Reki. Wageni hawaniiti chochote, nami sina neno nao.

Miezi miwili nyuma binti ya kaka yangu alipata kazi ya uhudumu katika mgahawa wetu. Aliipata kwa cheti chake, si kwa mkono wangu. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu aanze kusema hajanyamaza. Siku yake ya kwanza alinivuta nyuma ya stoo.

"Shangazi, naomba hapa kazini tusijuane. Watasema nimeingizwa na ndugu."

Nikamwambia sawa. Lakini nilimwona alivyoitazama reki yangu, kisha kandambili zangu, nikajua ipo sababu ya pili ambayo hakuitaja. Iliniuma, siwezi kudanganya. Nikajichekesha, nikamwambia basi na ile shikamoo yake ndefu ya nyumbani aiache kwenye geti, maana itamsaliti. Akaiacha kweli. Tangu siku ile akawa ananipita kama anavyopita toroli.

Sasa Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimemaliza nusu ya ufukwe niliposikia sauti ya Hakimu. Huyu alikuwa mgeni wa siku nne, mama aliyestaafu mahakamani, na akiongea unajikuta umesimama wima. Alikuwa katikati ya mgahawa wakati wa chai, meza zote kumi na mbili zimejaa watu, amemnyooshea Chiriku kidole. Jana yake jioni alikula samaki kwa mkono kwenye zile meza za mchangani. Alivua pete yake ya ndoa isipate mafuta, akaifunga kwenye karatasi ya kujifutia, akaiweka kando ya sahani, akaondoka bila kuikumbuka. Mezani hapo vyombo viliondolewa na mtu mmoja tu.

"Ni huyu," alisema Hakimu. "Mwizi ni huyu hapa."

Meneja wetu ni mchapakazi, lakini mgeni akikohoa yeye anashikwa na homa. Alimpeleka Chiriku ofisini, akampa karatasi na kalamu aandike maelezo. Pete isipoonekana mpaka saa sita mchana, polisi wataitwa, na kazi hana.

Nilizunguka mpaka dirisha la ofisi, reki mkononi. Chiriku alikuwa ameinamia karatasi tupu.

"Kitambaa cha meza ulikipeleka wapi?" nikamuuliza.

Kimya. Chiriku, amenyamaza! Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nakuuliza wewe."

"Nilikikung'uta mchangani," akanong'ona. "Pale uliponionyesha."

Na aliyemwonyesha ni mimi. Sheria ya hoteli inasema vitambaa vikung'utwe kwenye pipa nyuma ya jiko, mwendo wa hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Wiki yake ya kwanza miguu ilimvimba, kila jioni anachelewa. Nikamwonea huruma, nikamwambia kung'uta hapo mchangani, mbele kidogo ya mwanga wa taa, kaa watakuwa wamemaliza makombo kabla hujaleta kitambaa cha pili. Na kweli walikuwa wakiyamaliza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: nilimfundisha njia ya mkato, sasa anaitwa mwizi.

"Kwa nini hukumwambia Meneja?"

"Angeniuliza nani kanifundisha."

Nilimtazama mtoto huyu ambaye hataki kunijua, kumbe alikuwa tayari kuitwa mwizi ili mimi nisifukuzwe. Nikashindwa kumkasirikia.

"Kalamu iweke chini," nikamwambia. "Usiandike hata herufi. Naenda kumtafuta aliyeichukua pete."

Meneja na Hakimu walikuwa bado wamesimama mlangoni. Niliwaambia waziwazi: kitambaa kilikung'utiwa mchangani, karatasi ilikuwa na mafuta ya samaki, kwa hiyo pete iko kwa kaa. Meneja aliguna. Hakimu alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Una ushahidi?"

"Ninao, mheshimiwa. Ila uko chini ya ardhi. Karibu ushuhudie, na uvae kofia, jua ni kali."

Bahati ilikuwa upande wetu kwa jambo moja. Nusu niliyokuwa nimepiga reki ni ile ya mawe. Upande wa mgahawa ulikuwa haujaguswa. Lakini jua likipanda, kaa huziba milango yao kwa ndani wakalala, na upepo hufuta maandishi yote. Nilihesabu mashimo kumi na moja. Manne yalikuwa mahame, yana utando wa buibui. Mawili yalikuwa ya vitoto, hata kidole gumba hakiingii. Nikainama, nikaanza kusoma pale kitambaa kilipokung'utiwa. Nyayo zilikuwa zimejaa, fujo tupu, ugomvi wa makombo. Halafu nikaona nilichokuwa nakitafuta: katikati ya nukta nukta, mstari mwembamba uliokokotwa, na pembeni yake vipande vidogo vya karatasi. Mstari ulikwenda moja kwa moja mpaka shimo la saba.

"Hili," nikasema. "Na mwenyewe ni dume."

"Umejuaje?" akauliza Hakimu, akisogea mpaka mlangoni pa shimo ili achungulie.

"Dume hurundika mchanga wake mlangoni, rundo safi, kila mtu alione. Jike huutupa huku na huku, ana mengine ya kufanya."

Hakimu hakucheka, lakini mdomo wake ulitikisika.

Ukichimba shimo la kaa ovyo linakuporomokea, unapoteza njia, unabaki na bonde na aibu. Mimi nina mbinu yangu. Nilichota mchanga mkavu, mweupe, kule juu ukutani, nikaumimina shimoni kwa kikombe mpaka ukajaa. Chini mchanga ni mbichi na mweusi, kwa hiyo ule mweupe unabaki kama utepe, nawe unaufuata tu popote unapokwenda. Nilipiga magoti upande wa pili, nikachimba kwa mikono. Utepe ulikwenda kuelekea baharini, ukakata kona, ukashuka. Wageni wakaanza kuja na vikombe vyao vya chai. Mkono wangu uliingia mpaka kwapani. Ndipo huyo mwenyewe alipolishika dole langu la kati kwa gando lake kubwa, nikatoa neno ambalo sitalirudia hapa mbele yenu.

Nilimvuta nje hivyo hivyo, yeye ananing'inia kidoleni, macho juu, ana hasira kuliko mimi. Gando lake la pili lilikuwa limeshika karatasi.

"Ehee!" Watu wakapiga makofi.

Nikaifungua. Imetafunwa nusu, inanuka samaki, na ndani hamna kitu.

Makofi yakafa. Nikarudisha mkono, nikapapasa chumba chote cha kule chini mpaka ukutani. Mchanga mtupu. Meneja akatazama saa yake akasema ni saa tano na nusu. Kule juu barazani nilimwona Chiriku ametoka ofisini, ameshikilia nguzo. Lakini mimi na kaa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na nne, na sikukubali kwamba simjui. Nikakaa kitako nikajiuliza: kitu kisicholiwa, kaa hukifanyia nini?

Jibu nalijua, kwani kila asubuhi ndilo linalonipa kazi. Kaa hapendi takataka nyumbani. Alfajiri hufagia chumba chake, hubeba mchanga kifuani mafungu kwa mafungu na kuutupa mlangoni. Yeye anarundika, mimi nasawazisha. Basi kigumu kisicho na ladha kingekuwa wapi kama si kwenye rundo? Nikageuza uso kulitazama lile rundo safi la dume, na sikuliona. Nililoona ni kiatu.

"Mheshimiwa, inua mguu."

"Unasemaje?"

"Inua mguu, mama. Umesimama juu ya ushahidi."

Akainua. Nilichukua rundo lile lililobonyea nikalipitisha kwenye vidole taratibu, fungu kwa fungu. Kwenye fungu la tatu pete ilibaki kiganjani mwangu, imetulia, ina chembe mbili za mchanga.

Hakimu alikaa chini mchangani na nguo zake nzuri.

"Miaka thelathini na moja nimehukumu watu," akasema. "Leo sikumsikiliza hata shahidi mmoja."

Akanyoosha mkono. Mimi nikafumba wangu.

"Utaipata, mama. Lakini lile neno mwizi hukulisemea hapa chini. Ulilisemea kule juu, mbele ya meza kumi na mbili."

Meneja alitaka kuzimia. Hakimu alinikazia macho, nami nikamkazia, mpaka akajikung'uta mchanga, akapanda ngazi. Alisimama pale pale aliposimama asubuhi na kwa sauti ile ile akasema: "Nilimwita binti huyu mwizi. Hakuiba. Nilikosa mimi, na namwomba radhi mbele yenu." Nikapanda, nikampa Chiriku pete ili amkabidhi mwenyewe kwa mkono wake, nikarudi chini ya ngazi. Hakimu aliushika ule mkono muda mrefu kidogo kabla ya kuivaa pete yake.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, ila Meneja naye alihitaji mkosaji wake.

"Nataka kujua jambo moja," akasema. "Nani alikufundisha kukung'uta vitambaa mchangani?"

Nilikuwa nimekwisha kuinua mkono, umejaa mchanga mpaka begani. Chiriku akaniwahi.

"Shangazi yangu," akasema, na chiriku wa nyumbani alikuwa amerudi, sauti inafika mpaka jikoni. "Huyu hapa mwenye reki. Ni ndugu yake baba, na ndiye aliyenifundisha kazi hii yote."

Meneja alianza kusema habari ya barua za onyo, mbili, moja yangu na moja yake. Nilimsikia kwa mbali, maana mtoto alikuwa anashuka ngazi na sare yake nyeupe. Akaja mpaka kwangu, akaushika ule mkono mchafu kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote, akainama.

"Shikamoooo, Shangazi."

Ile ndefu. Nilitaka kumtania kwamba amechelewa miezi miwili, lakini kilichotoka ni marahaba tu.