Harusi Isiyo na Watu

“Harusi wiki nzima, na mimi jirani yako wa ukuta mmoja hukuniita hata ninuse pilau!” Mama Fahim alisimama mlangoni kwa Mugisho, leso kaikaza kiunoni kama mtu aendaye vitani.

“Pardon, mama. Hakuna harusi. Ni muziki tu.”

“Muziki hupiga vigelegele? Mimi mtu wa Mombasa, baba, kigelegele hakinipotei. Huyo mwanamke umemficha wapi?”

Mugisho alichoka kubishana, akaufungua mlango wote ajionee. Godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za magari ya barabara ya University Avenue. Maikrofoni ya bei ya chee imefungwa kwenye mti wa fagio, imevishwa soksi. Kompyuta kuukuu. Kiti kimoja, sahani moja.

“Wenzako wako wapi?”

“Ni mimi wote.”

Akamweleza. Dada yake Maombi anaolewa kwao Uvira, Kongo, Jumamosi, na yeye huku ughaibuni hawezi kwenda, basi anamtumia wimbo wa kuingilia ukumbini. Besi ni yeye, teno ni yeye, sauti nyembamba ni yeye kajibana koo. Vigelegele ndivyo vilivyomshinda. Akakikata kimoja kwenye ujumbe wa sauti wa marehemu mama yao, akakibandika kwenye kila kiitikio.

“Hebu niwekee.”

Akamwekea. Mama Fahim akatega sikio, na ule ugomvi wote ukamwisha usoni.

“Pole, baba. Ila nikwambie kweli? Mama yenu anavuta pumzi palepale kila mara. Watu watajua ni mtu mmoja, tena hayupo.”

Hilo Mugisho alikuwa amelisikia wiki nzima, akipunguza huku, akiongeza mwangwi kule, na hana hata wa kumuuliza, “Nawe unasikia?”

“Nikikitoa, mama hatakuwa harusini kwa mtoto wake.”

“Nani kasema ukitoe? Kiache cha kwanza tu, peke yake. Mama wa bibi harusi huanza, wengine humpokea. Ndivyo ilivyo, au kwenu sivyo?”

“Ndivyo. Lakini wa kumpokea sina.”

Mama Fahim akageukia koridoni, kwake ambako viatu vya wageni vilikuwa vimejaa hadi nje ya mlango, akaita ndani. “Aaliyah! Waambie shangazi zako asiondoke mtu!”

Mugisho alikuwa keshaanza kuifungua ile maikrofoni kwenye fagio aipeleke kwa jirani.

“Iache kwanza hiyo,” Mama Fahim akamwambia. “Kwangu hapigi mtu kigelegele na njaa. Wewe Masudi huko ndani! Ongeza sahani, jirani anakuja. Haya baba, vua viatu, ingia ule.”